Makaa Mdomoni mwa Chapati

Ushahidi wote ulimwelekea Kimeli, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Tabby Mugure. Katika miaka kumi na minane ya upelelezi alikuwa amejifunza kwamba kesi za kweli huja zimechakaa, zina matundu kama sweta ya shule mwisho wa muhula. Hii ilikuja imepigwa pasi.

Aliegemea nusu-mlango wa banda, faili kwapani, akamtazama mlalamikaji asiyeweza kuandika taarifa. Alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye madoa meusi mgongoni na tumbo la mviringo, jina lake Chapati. Watoto wa mtaa wa Rhonda ndio waliompa jina hilo na hakuna mtu mzima aliyethubutu kulibadilisha. Jumamosi Chapati alikuwa ameruka vizuizi kumi na viwili huko Gilgil bila kuangusha hata kimoja, akarudi Nakuru na kombe. Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, alikuwa chini kwenye nyasi kavu akijiviringisha na kuguna kwa maumivu. Leo Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa amesimama, kichwa kimeinama, na alikuwa akijaribu kula kona ya faili.

"Hiyo ni dalili nzuri," alisema Daktari Ogola, mganga wa mifugo, akikunja mpira wake mrefu wa kuoshea tumbo. "Jana hakutaka hata karoti."

"Ataishi?"

"Akinya vizuri leo, ataishi. Kwa farasi, madam, mavi ndiyo habari njema."

Mugure aliliandika hilo kwenye daftari. Aliandika kila kitu.

Kimeli alikuwa amekamatwa jana saa kumi jioni. Sheria inatoa saa ishirini na nne, na OCS, mkuu wa kituo, alitaka faili mezani kwake saa nane mchana, mtuhumiwa apelekwe kortini. "Kikulacho ki nguoni mwako," OCS alikuwa amesema, akifurahia methali kuliko ushahidi. Shtaka lilikuwa limeshaandikwa: kumpa mnyama sumu kwa nia mbaya. Kimeli alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuja hapa akiwa na kumi na moja, mtoto wa kuokota chupa, akawa wa kwanza kati ya watoto wa shirika hili la kupanda farasi kuwa kocha wake. Zilibaki wiki mbili apate cheti cha ukocha. Akisomewa shtaka, cheti kinakwenda na maji, na watoto arobaini wanabaki bila mtu wa kuwafundisha.

"Nieleze tena hayo makaa," Mugure alisema.

Ogola alivua kofia. "Nilifika saa moja kasorobo. Kitu cha kwanza nikainua mdomo niangalie ufizi. Nikaona weusi. Nikapangusa na tishu, hiyo uko nayo kwa bahasha. Ilikuwa makaa. Sasa, makaa ndiyo sisi humpa mnyama amekula sumu, yanainyonya tumboni. Lakini mimi nilikuwa hata sijafungua begi."

"Kwa hiyo kuna mtu alimpa kabla yako."

"Na huyo mtu alijua kuna sumu kabla yangu. Ndivyo nilimwambia mzee Jamleck, kiongozi wa hapa, na mzee akampigia mwenzake Mwalimu simu. Lakini madam, mimi sijawahi kusema ni sumu. Nilisema kuna makaa. Sampuli ziko maabara, majibu ni wiki mbili."

"Na Kimeli?"

Daktari alikuna kichwa. "Kimeli ndiye ananisumbua. Alinivuta kando, akaniambia, 'Daktari, usimtibu kama wa sumu. Mtibu kama amevimbiwa na kitu kimechacha.' Nikamsikiza, nikamwosha tumbo, na ndiyo sababu unamwona amesimama. Maji yalitoka na uchachu, lakini tumbo la farasi mgonjwa hunuka hivyo hivyo. Swali ni, kijana alijuaje?"

Hilo lilikuwa ukurasa wa pili wa faili, na konstebo aliyeliandika alikuwa amelipigia mstari mara mbili.

Mugure aliuzunguka ua polepole. Shirika lenyewe, Hatamu, lilikuwa mabanda sita ya mbao kwenye kipande cha shamba la zamani la mzungu nyuma ya Rhonda, farasi watano waliostaafu mbio, na viongozi wawili ambao hawakujua maana ya kustaafu. Mmoja alikuwa akimfuata sasa hivi, akichechemea, mikono nyuma. Mzee Jamleck Karanja alipanda farasi wa mbio hadi farasi mmoja alipomwangukia mguu. Alikuwa mfupi kama mtoto wa darasa la sita, na kofia yake haikuwa na ukingo upande wa kushoto kwa sababu Chapati aliula.

Mwenzake alikuwa Mwalimu Cherono, mwalimu mkuu mstaafu, mama Mkalenjin wa Kipsigis, mrefu, mwenye sauti ya gwaride. Waliianza Hatamu mwaka wa 2009, mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi, wakati majirani wengi wa mtaa huu walikuwa bado wanasalimiana kwa kupima maneno. Watu walisema Mkikuyu na Mkalenjin hawatamaliza muhula pamoja. Wamemaliza mihula mingi, wakigombana kila siku ya Mungu juu ya nani ameacha lango wazi.

"Si yeye, Inspekta," Jamleck alisema. Alikuwa amelisema hilo mara saba tangu jana.

"Nionyeshe, mzee, usiniambie."

Ukutani, kwa mwandiko wa ubao wa shule, palikuwa na sheria ya kwanza ya Hatamu: HAKUNA KULISHA FARASI BILA KUANDIKA. Chini yake daftari lilining'inia kwa kamba. Mugure alilifungua. Jumamosi, saa kumi na nusu: Chapati, nyasi na maji, sahihi ya Kimeli. Basi. Aliomba sanduku la huduma ya kwanza. Mkebe wa makaa ya dawa ulikuwemo, na utepe wa kiwandani haukuwa umekatwa.

Aliutazama utepe huo kwa muda. Kama makaa hayakutoka hapa, yalitoka wapi?

"Taarifa inasema Kimeli alionekana akiosha karai, farasi akiwa chini. Karai gani?"

Jamleck alimwelekeza kwenye karai la plastiki la bluu lililoangikwa msumarini. Ndani lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Mugure aliligeuza juu chini, akapitisha ukucha chini ya ukingo, mahali ambapo mtu mwenye haraka hasugui. Ukucha ulitoka na ukoko mweupe, na ndani ya weupe, chembe nyeusi.

"Chokaa," Jamleck alisema, akikodoa macho. Miwani yake nayo ilikuwa imeliwa, mwezi wa sita. "Ijumaa Kimeli alikuwa anapaka nguzo za kuruka." Kisha alisikia alichokisema, uso ukamshuka. "Ngai. Usiandike hiyo."

Mugure aliandika. Halafu alirudi bandani. "Daktari, farasi akila chokaa?"

"Inamchoma ulimi na midomo, anatoka malengelenge."

"Chapati ana malengelenge?"

Ogola alimfungua Chapati mdomo. Ndani palikuwa pekundu, laini, safi kama pa mtoto mchanga. Mugure alikata neno chokaa kwa mstari mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu jana moyo wake ulichangamka. Kesi ilikuwa imetoboka tundu moja.

Jelagat alikuwa ameketi juu ya debe akipaka mafuta tandiko. Shule zilikuwa zimefungwa, na msichana huyo wa miaka kumi na mitano, aliyempanda Chapati huko Gilgil, alikuwa hapa tangu alfajiri. Macho yalikuwa yamemvimba. Yeye ndiye aliyetoa ushahidi uliomweka Kimeli ndani.

"Ulimwona wapi?" Mugure aliuliza.

"Kwa bomba."

"Akifanya nini?"

"Akiosha karai."

"Na Chapati?"

"Alikuwa chini. Sisi wote tunapiga nduru, na yeye anaosha karai. Anaosha kama mtu anafukuzwa." Alifuta pua na mkono. "Mwalimu alituambia tuseme ukweli hata kama unauma. Nikasema. Lakini madam, Kocha hawezi. Farasi akiwa na homa yeye hulala hapa kwa nyasi, kwa baridi. Ni mimi nimemchoma, ama?"

"Umesema ulichoona. Hiyo si kumsaliti mtu. Kabla ya hapo, mlipofika kutoka Gilgil, mlikuwa wapi?"

"Kwa geti. Mwalimu alikuwa ametupokea, watu wa mtaa wamejaa, akina mama wanaimba. Tukapigwa picha."

"Kimeli alikuwa kwenye picha?"

Jelagat alifikiri. "Zii. Alikuwa anashusha Chapati kwa lori, akampeleka kwa banda, akarudi kubeba matandiko. Huwa hivyo. Tukishinda, yeye ndiye hubeba vitu."

Mugure alilitazama tandiko, akamtazama msichana. "Hiyo kazi umeifanya vizuri," alisema, akaenda kituoni.

Kimeli aliletwa katika chumba cha mahojiano bila mshipi na bila kamba za viatu. Alikuwa mwembamba, mwenye viganja vikubwa, na alisimama mpaka alipoambiwa akae.

"Chapati amesimama?" aliuliza.

"Amesimama. Ametaka kula faili yako."

Kijana alifunga macho, akashusha pumzi. Kisha akauliza, "Na Mwalimu amekunywa dawa ya presha? Akiwa na mawazo husahau."

Mugure alikuwa amehoji wezi, wauaji na mchungaji mmoja mwenye wake watatu. Wote walitaka kujua jambo moja: polisi wana nini. Huyu alikuwa ameuliza juu ya farasi na juu ya dawa ya mama mzee. Aliandika maswali hayo mawili, moja chini ya jingine.

"Ijumaa ulimwambia Mwalimu, 'Mkimpeleka Chapati Gilgil mtajuta.'"

"Mguu wake wa kushoto ulikuwa na joto. Nilitaka apumzike. Nilikosea, aliruka kama swara."

"Kwa nini uliosha karai?"

"Lilikuwa chafu."

"Farasi anakufa, wewe unaosha vyombo."

"Ndiyo, madam."

"Lilikuwa na nini?"

Kimeli alitazama viatu vyake visivyo na kamba.

"Ulimwambia daktari kuna kitu kimechacha. Kitu gani?"

Aliviunganisha viganja vyake magotini.

"Nani mwingine aliingia kwa banda Jumamosi?"

Hapo alijibu upesi mno. "Hakuna. Mimi tu."

"Kimeli, unamficha nani?"

Alimtazama Mugure usoni kwa mara ya kwanza, na yule inspekta akaona kile ambacho faili haikuwa nacho. Hakuwa na hofu ya jela. Alikuwa na hofu ya swali.

"Andika ni mimi," Kimeli alisema. "Lakini tafadhali usiandike nilitaka afe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Mugure alifunga daftari, na ukweli ni kwamba alikuwa amekasirika. Kijana mzuri hujitia kamba shingoni kwa ajili ya mtu mmoja au wawili tu duniani. Katika maswali yake mawili, mmoja alikuwa na kwato. Alibaki yule wa dawa ya presha.

Ila huyo ndiye aliyeleta mashtaka. Barua ya Mwalimu Cherono ilikuwa ukurasa wa kwanza wa faili, kwa mwandiko ule ule wa ukutani: Aliyemtilia Chapati sumu akamatwe, awe ni nani, hata kama ni wa nyumba yangu.

Mtu hujishtaki vipi bila kujijua?

Mwalimu Cherono aliishi hatua mia mbili kutoka mabandani, katika nyumba ya mabati yenye geti la kijani na maua kwenye mikebe ya rangi. Jamleck alikuwa tayari huko, amekaa kwenye kiti kidogo kana kwamba amewekwa kona kwa utundu.

"Chamgei," Mugure alisema, akijitahidi. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu ahamishwe kutoka Murang'a, na salamu hiyo ndiyo iliyokuwa Kikalenjin chake chote.

"Chamgei mising," Mwalimu alijibu, na licha ya yote akatabasamu. Alikuwa na miaka sitini na minane na alikaa wima kama bendera, lakini macho yake hayakuwa yamelala. "Karibu. Nikuwekee chai?"

"Chai hapana, Mwalimu. Tumbo langu lina vidonda, daktari amenikataza."

"Wewe ni mwembamba hivi kwa sababu hiyo. Ngoja."

"Tuna haraka kidogo, ningependa tu kuuliza..."

"Inspekta, ukiwa kwangu utauliza ukiwa umekunywa kitu."

Jamleck alimkonyeza Mugure: usishindane. Mwalimu alirudi na kibuyu kirefu chenye mkanda wa shanga na kifuniko cha ngozi. Alikitikisa mara tatu, akamimina kikombe kizima cha maziwa mazito. Hayakuwa meupe sawasawa, yalikuwa na kijivu cha mbali.

"Mursik," alisema. "Imebaki kidogo ya Jumamosi. Hii haitakudhuru, hii itakutibu."

Mugure alikuwa ameiona kwenye taarifa ya habari, wanariadha wakipokewa nayo uwanja wa ndege, lakini hakuwa ameionja. Alikunywa. Ilikuwa chachu, nzito, na nyuma ya uchachu palikuwa na ladha ya moshi. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Alikunywa yote, akatoa tishu mkobani, akapangusa mdomo, kama alivyofanya kila mara kulinda rangi ya midomo yake.

Aliitazama ile tishu.

Alifungua faili, akatoa bahasha ya ushahidi, akaitoa tishu ya daktari na kuilaza mezani kando ya yake. Zote mbili zilikuwa na alama ya kijivu iliyokauka ukingoni, na ndani yake chembe nyeusi nyororo. Ukiacha rangi nyekundu ya midomo, zilikuwa ndugu.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "hii nyeusi ni nini?"

"Hiyo? Makaa ya senetwet. Unachoma kijiti cha mti, unasugua kibuyu ndani, ndiyo maziwa yakae. Bila hayo ni maziwa tu yameharibika." Aliinama, akaitazama tishu ya pili. "Na hii ni ya nani?"

Mugure alifungua daftari. "Niambie Jumamosi mliwapokea vipi."

Uso wa Mwalimu ulifunguka. "Vizuri sana! Nilikuwa nimetayarisha vibuyu viwili, siku nne kabla. Jamleck akasema ninajiitia mabaya, sijui kama watashinda. Nikamwambia mtoto huandaliwa kushinda. Lori lilipoingia nikampa Jelagat kwanza. Halafu huyu mzee hapa, akamwagia tai. Halafu dereva. Halafu akina mama. Na halafu..."

"Halafu nani, Mwalimu?"

"Halafu nikafikiri," alisema, na sauti ya gwaride ilikuwa imeshuka, "aliyeruka si Jelagat. Jelagat alikuwa amekaa tu juu."

Jamleck aliweka kikombe chini.

"Nilienda kwa banda. Nilimwimbia kidogo. Farasi hawezi kunywa kwa kibuyu, kwa hivyo nikamimina kwa karai. Alikunywa yote, Inspekta. Alilamba mpaka karai likasogea. Nilicheka mpaka nikatoka machozi."

"Kibuyu kizima?"

"Kizima. Lita nne."

Mugure alipiga simu, akaiweka wazi mezani. "Daktari, farasi mzima akinywa lita nne za maziwa lala, ametoka safari, amechoka, nini kitatokea?"

Sauti ya Ogola ilikwaruza. "Tumbo lake haliwezi maziwa. Kikombe angekimaliza akasahau. Lita nne zitachacha zaidi, zimjaze gesi, zimsokote matumbo. Ni hivi hivi tuliona. Lakini nani atampa farasi maziwa, madam?"

"Mtu anampenda," Mugure alisema, akakata.

Mwalimu Cherono alikuwa akitazama ukuta, kule yaliko mabanda.

"Mimi ndiye niliyeandika ile sheria," alisema. "Kila mtu aandike."

"Jana nilikuuliza nani alimlisha. Ukasema hakuna."

"Na sikukudanganya. Nilifikiria nyasi, nilifikiria pumba. Mursik mtu haiandiki kwa daftari. Hiyo ni kumwambia mtu, umefika nyumbani." Kisha likamjia lile lingine, na Mugure aliliona likimjia na hakuweza kulizuia. "Kimeli ako ndani."

"Ndiyo."

"Ni mimi nimemfunga. Nimemfunga kijana wangu kwa mkono wangu, na barua nimeandika." Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Na yeye kwa nini hakusema? Alijua?"

"Alijua. Ndiyo maana aliosha karai. Ndiyo maana alimwambia daktari atibu nini. Alimwokoa farasi, na wewe akakufunika. Alichokataa kufanya ni kukutaja."

Mwalimu alilia basi, wazi, bila kujificha, kama wanavyolia watu waliozoea kuwanyamazisha wengine. Jamleck alichechemea hadi kwake. Alimfikia begani tu, kwa hiyo akampiga piga kwenye kiwiko.

"Cherono," alisema. "Mimi mwaka wa 2014 nilimpa farasi sahani ya githeri. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikutukana."

"Wiki nzima. Sasa ni zamu yangu. Twende tumtoe mtoto, nitakutukana kwa njia."

Mwalimu alitafuta leso, akaikosa, akatumia ncha ya shuka. Mlangoni aligeuka, akarudi mezani, akakichukua kibuyu. Mugure alidhani ni kwa ajili ya ushahidi, akamwambia hakihitajiki tena. Mwalimu hakumsikia, au hakutaka kumsikia.

OCS aliisoma taarifa mpya saa saba na robo. Aliisoma mara mbili, akiwa na sura ya mtu aliyenyimwa methali.

"Kwa hivyo aliyefanya ni mlalamishi."

"Hakuna kosa la jinai hapo, afande. Hakuna nia mbaya. Hata nia nzuri ilikuwa nyingi mno, ndiyo shida."

"Na huyu kijana alidanganya polisi."

"Alisema ni yeye aliyekuwa bandani, na kweli alikuwepo. Ukitaka kumshtaki kwa hilo, afande, utanihitaji niwe shahidi, na mimi nitamsifu."

OCS aligonga muhuri.

Kimeli alitoka mlango wa nyuma akivuta suruali kwa mkono mmoja, mshipi wake bado ndani ya bahasha. Uani palikuwa na pikipiki tatu zilizokamatwa, mbuzi mmoja wa ushahidi, na Mwalimu Cherono, amesimama katikati ya jua la mchana na kibuyu mikononi. Jamleck alibaki nyuma kidogo. Alikuwa amevua kile kilichobaki cha kofia.

"Uliniona," Mwalimu alisema.

"Nilikuona mlangoni kwa Chapati, unamwimbia. Nilidhani unampa kidogo alambe. Kurudi, nikapata karai." Kimeli alitazama chini. "Chapati alikuwa ameanza kuviringika."

"Na ukanyamaza."

"Ungeacha kazi, Mwalimu. Nakujua. Hiyo jioni ungeandika barua ya kuacha, na ukiandika huwa haufuti."

"Na wewe ungefungwa, Kimeli!"

"Mimi bado kijana."

Mwalimu alifungua kinywa kumkaripia, kisha akakifunga. Alikitikisa kibuyu. Ndani palikuwa na mtikisiko mdogo tu.

"Jumamosi nilimpa Jelagat," alisema. "Nikampa huyu mzee. Nikampa dereva ambaye hata hatumjui jina. Nikampa farasi. Nilimpa kila mtu aliyepita kwa lile geti."

"Nilikuwa na kazi, Mwalimu. Kulikuwa na matandiko."

"Nyamaza. Miaka kumi na tatu unashusha matandiko. Sikukuita."

Alimshika kijana kisogo, kama anavyoshikwa mtoto anayepewa dawa, akamwinulia kibuyu kwa mkono wake mwenyewe. Kimeli alikunywa kilichobaki, polepole, macho yamefumbwa. Suruali ilikuwa inamponyoka na hakuna aliyecheka. Jamleck aligeuka akaanza kumchunguza yule mbuzi kwa makini sana.

Kimeli aliposhusha kichwa, alikuwa na mstari wa maziwa juu ya mdomo, na ndani ya mstari, makaa. Mugure alikuwa ameegemea mlango, tishu mfukoni. Hakuitoa.